Punguza Mizigo, Lakini Kwetu Usiguse

Wabunge 349, maseneta 67. Jumla yao 416, na hapo maspika wawili hujawagusa. Kila bajeti inaposomwa na kodi kupanda, Wakenya huirudia hesabu hiyo kwenye matatu, kwa kinyozi na barazani, na ni nadra kumsikia mtu akisema wanatosha, sembuse kwamba ni wachache. Lakini mwulize huyo huyo mlalamikaji kama eneo bunge lake lifutwe, uone atakavyogeuka.

Mwaka 2019 mwanasiasa Ekuru Aukot alileta mswada wa kubadili Katiba ambao jina lake tu lilikuwa kampeni tosha: Punguza Mizigo. Ungewashusha wabunge na maseneta hadi 147. Maeneo bunge yote 290 yangekufa, na kila kaunti ingepeleka Bunge la Taifa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Sahihi zaidi ya milioni moja zilipatikana, kisha mabunge ya kaunti, mengi yao, yakautupa. Miaka miwili haijapita, mswada mwingine wa kubadili Katiba, BBI, ukaja na dawa ya kinyume, yaani maeneo bunge mapya 70. Huo wabunge waliupitisha bila tabu. Ni Mahakama ya Juu iliyouzima, Machi 2022.

Idadi hii haijui kushuka. Tulipata uhuru na maeneo bunge 117. Uchaguzi wa 1997 ulifanyika katika 210, na Katiba ya 2010 ikaandika 290. Wengi husema ni ulafi wa wanasiasa. Upo, ndiyo. Ila mimi naitazama zaidi hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, CDF, iliyoanzishwa 2003. Kabla yake mbunge alisifiwa kwa harambee. Baada yake mpaka wa eneo bunge ukawa mpaka wa mfuko: basari ya mtoto, darasa jipya, choo cha shule. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, lakini mama anayedaiwa karo hakuwa akisubiri tafsiri ya Katiba.

Sasa twende eneo bunge la Lamu Mashariki. Sensa ya 2019 iliwakuta huko watu 22,258, wakati wastani wa nchi, ukigawanya Wakenya wote kwa 290, ni kama 164,000. Kaunti ndogo ya Ruiru ilikuwa na zaidi ya 370,000. Kwa hesabu kavu, kiti cha Lamu Mashariki hakistahili kuwepo. Lakini mbunge wa huko hupanda boti kwenda Faza na Kizingitini, na akitaka kufika Kiunga, karibu na Somalia, hana budi kuangalia bahari na usalama kwanza. Katiba inaruhusu maeneo yenye watu wachache yawe chini ya wastani kwa hadi asilimia 40. Lamu Mashariki iko chini yake kwa zaidi ya 80.

Eneo bunge hilo lingeunganishwa na Lamu Magharibi, yenye watu 121,662, kila uchaguzi ungeamuliwa Amu na Mpeketoni, na mvuvi wa Kizingitini angebaki kuomba kura za jirani ili asikike.

Tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) ilipaswa kuikagua mipaka ya maeneo bunge kabla ya Machi 2024. Muda ulifika ikiwa haina kamishna hata mmoja, na mipaka ikabaki ilipokuwa.