Tunza baiskeli yako msimu wa mvua

Masika yakianza pwani ya kusini, kati ya Aprili na Juni, mwendesha baiskeli hupambana na maadui watatu kwa pamoja: maji, matope na chumvi. Iwe unateremka kutoka Kwale, unakwenda kazini Diani au unapeleka mzigo Msambweni, jua kwamba uzembe mdogo waweza kukufikisha wodini.

Tuanze na breki. Rimu za chuma zikilowa, raba za breki huteleza, na baiskeli husimama mbali kuliko siku ya jua. Mchanga uliogandia rimu nao hula raba. Kwa hivyo pangusa rimu kwa kitambaa kila jioni, na raba zikiisha zibadilishe. Usitie mafuta kwenye rimu kamwe. Mvua ikikukuta njiani, anza kubana breki mapema, kidogo kidogo, ili raba zifute maji.

Pili ni mnyororo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo huleta kutu hata kwa baiskeli iliyolala barazani. Osha kwa maji ya mvua au ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Kausha, tia tone la oili ya cherehani katika kila kiungo, kisha futa iliyozidi maana hunasa mchanga. Mafuta ya kupikia hayafai. Huganda kama gundi.

Wengi husafisha mnyororo kwa mafuta ya taa. Yatumie mbali na moto, wala usiyaweke katika chupa ya soda ambayo mtoto atadhani ni kinywaji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini mara moja.

Je, ukikatwa na spoku au madigadi? Osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda. Viini vya ugonjwa huo hukaa udongoni na kwenye samadi, si katika kutu yenyewe. Jeraha lililoingia tope lisidharauliwe hata likiwa dogo.

Kila asubuhi, kabla hujapanda, sukuma baiskeli hatua chache. Bana breki ya mbele, kisha ya nyuma. Gurudumu lisiposimama papo hapo, ikokote hadi kwa fundi. Heri uchelewe kazini kuliko kuteremka kilima cha Kwale bila breki.