Matamasha ya Likizo Ukambani, na Filamu Aliyoipata Kijana Simuni



Wiki mbili zilizopita tulisafiri kutoka Mombasa kwenda Ukambani kuitika mwaliko wa darsa mbili, moja Kibwezi katika kaunti ya Makueni, na ya pili katika mji wa Kitui. Familia nyingi zinazosoma kurasa hizi zina mtu wao huko: binti aliyeolewa, ndugu mwenye duka, mjomba aliyehamia tangu zama za ujana wake. Na uhusiano wa Pwani na Ukambani si wa juzi. Kabla ya reli kuwekwa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara aliyekwisha kuijua vyema njia ya Pwani. Kwa hiyo tunapowataja watoto wa Kiislamu wa Kitui na Makueni, tunawataja watoto wetu.

Tuliposhuka basi Kibwezi, kitu cha kwanza kutukabili kilikuwa bango. Lilibandikwa ukutani pembeni mwa kibanda cha matunda, na juu yake picha ya kijana amekumbatia gita. Hatua chache mbele palikuwa na jingine, na jingine tena mlangoni pa duka la simu. Likizo ndefu ya shule ndiyo hiyo imeingia, na mwezi wa Disemba Wakamba wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa hurudi makwao wakiwa na akiba mfukoni. Ndio msimu wa matamasha, kuanzia Wote na Kibwezi hadi Kitui na Mwingi. Redio za Kikamba, kama Musyi FM, huyatangaza, na yasiyofika redioni hutangazwa kwa mabango na kwa simu.

Wengi wa vijana hao wa magita hawana kampuni inayowasimamia. Hurekodi nyimbo katika chumba kidogo cha studio, wakazipandisha YouTube wao wenyewe, kisha wakategemea kiingilio cha matamasha. Muziki wenyewe ni benga ya Kikamba, na wasomaji wetu wenye umri kama wetu hawahitaji kuelezwa ni nini, maana Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, na redio za Pwani ziliwapiga mpaka baada ya kifo chake mwaka 1987. Hatusemi haya kwa kuyasifu. Tunayasema kwa sababu mzazi asiyejua mwanawe anaitiwa nini hawezi kuzungumza naye.

Kutoka Kibwezi tuliifuata barabara inayopita Mutomo, ambayo siku hizi ni ya lami, na tukafika Kitui kabla ya Alasiri. Tulifikia katika nyumba ya mwenyeji wetu, na baada ya chai mama wa nyumba akatuomba tubaki kidogo barazani. Alikuwa na shauri.

Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na saba, ameomba ruhusa ya kwenda kwenye tamasha la usiku. Rafiki yake waliyesoma pamoja anapiga gita katika kundi dogo, na yeye ndiye anayewapiga picha za video kwa simu. Baba amekataa kwa neno moja. Kijana amenyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakomtia mama hofu. "Maalim," alituambia, "ukimwambia wewe kuwa ni haramu, atakusikia."

Tulimjibu mama yule kwa kumsimulia jambo ambalo hatujapata kuliandika. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa bado vijana katika kazi hii, tulipata habari kwamba mmoja wa wanafunzi wetu wa madrasa alionekana kwenye dansi. Ijumaa iliyofuata tukapanda mimbari na kumsema. Jina hatukulitaja, lakini msikiti mzima ulimjua. Tulidhani tumeamrisha mema. Kijana yule hatujamwona katika safu ya Swala mpaka leo, na mamake alipofariki alisimama nje ya uzio wa makaburi, hakuingia. Basi hatukuwa tayari kumpa yule mama neno moja jingine la kumpelekea mwanawe.

Kuhusu hukumu, hatukumficha. Jumhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne, wakiwamo wa Shafii ambayo ndiyo njia ya wazee wetu wa Pwani, wamekataza ala za muziki isipokuwa dufu na mfano wake. Ibn Hazm wa Andalus aliwakhalifu. Imamu Ghazali katika Ihyaa alilifungulia mlango suala la kusikiliza kwa masharti, lakini hata yeye aliziacha nje ala za nyuzi na filimbi zilizokuwa alama ya walevi. Sisi tunafuata rai ya wengi. Hata hivyo, tulimkumbusha pia yaliyopokewa na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie: siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwake, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache kwa kuwa ile ni siku ya furaha. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini, Mtume alimsitiri Bibi Aisha akitazama nyuma yake, wala hakumharakisha mpaka alipochoka mwenyewe. Mwanamke kijana, siku ya sikukuu, anatazama mchezo, na aliye bora wa viumbe amesimama kumngojea. Tumeisoma hadithi hii mara nyingi kuliko tulivyoitumia.

Kisha tukauliza maswali ambayo baba hakuyauliza. Tamasha linaanza saa ngapi? Saa tatu usiku, likaendelea hadi alfajiri. Wapi? Kwenye uwanja wa baa nje ya mji. Kurudi kwa nini? Bodaboda. Hapo hapakuhitajika kitabu cha fikihi. Mtoto wa miaka kumi na saba, ulevi, giza, pikipiki ya watu watatu katika barabara kuu, na Swala ya Alfajiri inampita akiwa huko. Mzazi yeyote mwenye akili, awe Muislamu au asiwe, angesita.

Tukaomba kijana aitwe.

Alikuja kwa adabu, akatupa mkono, akaketi kwenye mkeka mbali kidogo. Hatukumuuliza juu ya tamasha. Tulimuuliza anapiga vipi video kwa simu ile iliyopasuka kioo. Alitutazama kwa muda kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akaanza kueleza, na alipoanza hakusita tena: mwanga wa asubuhi, mkono usitetemeke, sauti ya upepo. Tulipomuuliza amejifunzia wapi, akasema kwenye mtandao, na hasa kwa kutazama filamu moja ya mkulima wa huku kwao Kitui.

Filamu hiyo inaitwa Thank You for the Rain, maana yake ni kuushukuru ujio wa mvua, na ilitoka mwaka 2017. Mwongozaji wake ni mwanamke wa Norway, Julia Dahr, lakini sehemu kubwa ya picha zake zimepigwa na mkulima mwenyewe, Kisilu Musya, aliyepewa kamera akairekodi familia yake na kijiji chake kwa miaka kadhaa. Ndicho kilichomvutia kijana wetu. Hakuwa amepata kuona mtu wa Kitui, mwenye jembe na viatu vya vumbi, akishika kamera na kujisimulia mwenyewe.

Baada ya Isha tukaitazama sote. Simu iliegemezwa kwenye birika la chai, bando akalinunua baba (bila kusema neno), na bibi mzaa baba akavutiwa kiti mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Maneno mengi ni ya Kikamba, na tafsiri ya Kiingereza imeandikwa chini. Sisi tulihitaji tafsiri, bibi hakuihitaji.

Mkulima huyu si Muislamu, na filamu haihubiri dini. Inaonyesha mvua inayokawia mpaka mahindi yanakauka, kisha inayokuja kwa ghadhabu. Dhoruba inaipiga nyumba yake. Yeye anazunguka kijijini kuwashawishi majirani wapande miti na wachimbe mitaro ya kuzuia maji yasikimbie na udongo. Wapo wanaomsikiliza na wapo wasiomsikiliza. Mwishowe anafikishwa Paris, kwenye mkutano mkuu wa hali ya hewa wa mwaka 2015, kuyasema ya shambani kwake mbele ya watu wakubwa, na uso wake baada ya hapo unaeleza mengi juu ya mikutano mikubwa.

Ila kilichotushika zaidi sisi ni mkewe, Christina. Mume anapokwenda kuwahudumia watu, nani anabaki na watoto, maji na shamba? Filamu haimfichi. Mama wa nyumba alipofika hapo alivuta mtandio na kusema taratibu, "Huyu ndiye mimi." Baba aliangalia chini. Sisi pia, ambao kwa miaka thelathini tumekuwa tukisafiri kwa darsa na kumwachia mke wetu nyumba, tulikuwa na la kufikiri.

Bibi alikuwa na shauku ya jambo jingine. Aliomba sehemu ya mitaro irudiwe mara mbili, akatueleza jinsi wao walivyokuwa wakifukua mchanga wa mto mkavu kupata maji, na kwa nini mabwawa ya mchanga yanayojengwa siku hizi Kitui na Makueni yanafanya kazi: ukuta unazuia mchanga wa mto wa msimu, na mchanga unayahifadhi maji yasikaushwe na jua. Tukawakumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu akipanda mche, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa sadaka yake. Kijana akauliza kama anayempiga picha mpanda mti naye ana fungu lake. Tulimwambia kwamba anayeelekeza kwenye kheri ana ujira kama wa mtendaji. Hakutabasamu, lakini alilisikia.

Kwa akina mama watakaotaka kuitafuta: tumeitazama mwanzo hadi mwisho, ni ya karibu saa moja na nusu, na hatukuona humo la kumfanya mzazi akimbilie kuzima. Tena iko filamu ya pili ambayo kijana alituonyesha kipande chake nasi tukaimaliza tuliporudi Mombasa, nayo ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018. Ni hadithi ya msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyopona, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtimizia ndoto hiyo. Ni nzuri, lakini msiwaachie wadogo peke yao. Kifo kimo ndani yake, na watoto watauliza maswali ambayo jibu lake linatoka kwa mzazi. Zaidi ya hizo mbili tusiseme, kwa sababu yapo mengi mtandaoni tusiyoyajua, na video moja njema hufuatwa na nyingine mbaya bila mtu kuiita. Alama za Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya zinasaidia: GE ni ya watu wote, PG inahitaji uangalizi wa mzazi, 16 na 18 zinajieleza. Lakini video nyingi za simuni hazina alama yoyote. Hapo alama ni mama aliyeketi karibu.

Asubuhi yake baba alitoa uamuzi, safari hii kwa maneno marefu kidogo. Tamasha la usiku, hapana, na akaeleza kwa nini: saa, mahali, barabara, Swala. Rafiki asikatwe, kwa kuwa ni kijana mwenye heshima na amekula katika nyumba ile mara nyingi. Ama zile video za kundi, baba alituuliza sisi, nasi tulisema wazi kwamba hatuwezi kumhalalishia kazi ya kuutangaza muziki wa baa. Kijana aliuliza, je, akirekodi wazee na mashamba? Tukasema hapo tumbariki.

Msidhani aliridhika. Alitoka bila kunywa chai, na mamake alilia jikoni. Mpaka tunaondoka Jumatatu alikuwa hazungumzi na baba yake zaidi ya salamu, na usiku wa tamasha bado haujafika. Hatujui atafanya nini usiku huo. Tumempa nambari yetu ya simu, tukamwambia apige wakati wowote, hata saa nane za usiku, hata akiwa mahali ambapo hakutakiwa kuwa, na hatutaanza kwa kumkemea.

Alhamisi ilitufikia video ya dakika nne. Ni bibi yake, ameketi chini ya mwembe, anaeleza kwa Kikamba kilichochanganyika na Kiswahili jinsi baba yake alivyosilimu na jinsi walivyokuwa wakifuata maji mtoni. Mkono hautetemeki. Upepo kidogo unasikika, na katikati yake bibi anasimama kusema na kumuuliza aliyeshika simu kama amekula.

Chini yake kijana ameandika neno moja tu, akiuliza kama inafaa.