Mshale Uliotulia Katikati Unasema Nini?

Madereva wengi wana kanuni moja kuhusu geji ya joto la injini: mshale ukiwa katikati, gari ni zima, ukipanda kuelekea H, simama. Sehemu ya pili ya kanuni hiyo ni ya kutii bila ubishi. Sehemu ya kwanza ndiyo inayoua injini. Katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, mshale wa dashibodi hauonyeshi joto kama linavyopimwa. Unaonyesha uamuzi wa mtengenezaji kuhusu joto gani dereva ashtuliwe nalo, na joto gani afichwe.

Kipimo chenyewe hufanyika vizuri. Sensa iliyozama kwenye maji ya injini hupunguza ukinzani wake wa umeme kadiri joto linavyopanda: katika magari mengi ya Toyota huwa na omu kama 2,500 kwenye nyuzijoto 20, na omu kama 300 tu kwenye 80. Kompyuta ya gari inapokea badiliko hilo na kujua joto karibu nyuzi kwa nyuzi, kwa sababu inalihitaji ili kupanga kiasi cha mafuta na kuwasha feni. Mshale haupewi habari yote hiyo. Kwa kawaida huinuka hadi katikati injini ikishapata moto, tuseme kwenye 75, kisha hubaki palepale mpaka joto lifike 105 au hata zaidi. Gari dogo lenye watu watano na mizigo likipanda mlima wa Kitonga mchana wa jua linaweza kuwa na 88 chini ya mlima, 95 kwenye kona za kati na 102 karibu na juu, na kwa dereva safari nzima ikaonekana sawasawa.

Je, huu si udanganyifu? Hapana, na watengenezaji wanastahili kutetewa hapa. Joto la injini nzima hupanda na kushuka kila wakati: themostati hufunguka kwenye 82 hivi, foleni hulisukuma joto juu ya 90, feni ikiwaka hulirudisha. Mshale wa kweli ungeyumba siku nzima, na dereva angekimbilia gereji kwa jambo la kawaida kabisa. Kumwondolea hofu isiyo na msingi ni nia njema. Tatizo ni kwamba utulivu ule ule unafunika pia kasoro inayokua polepole. Rejeta iliyoanza kuziba, feni iliyochoka au pampu ya maji iliyolika inaweza kumaliza miezi ikipandisha joto kidogo kidogo ndani ya eneo ambalo mshale hausogei. Siku unaposogea, nafasi iliyobaki kabla ya silinda hedi ya aluminiamu kupinda ni ndogo.

Kuna hatari mbili ambazo hata mshale mkweli usingezitambua. Ya kwanza ni presha. Mfuniko wa rejeta wenye nguvu ya baa kama 1.1 huyazuia maji yasichemke hadi karibu 120. Springi yake ikilegea, maji matupu yatachemka kwenye 100 Dar es Salaam, na Iringa, kwenye mwinuko wa mita kama 1,600, yatachemka kwenye 95 hivi. Angalia hiyo namba: 95 ni katikati ya geji. Gari linachemsha, na mshale umetulia kwa sababu unapima joto, haupimi presha. Hatari ya pili ni maji kupungua. Sensa iliyobaki hewani, bila maji ya kuigusa, inaweza kusoma joto dogo kuliko lile la chuma kinachoungua pembeni yake. Ndiyo maana mshale unaoshuka ghafla mlimani ni wa kuogopwa kama ule unaopanda.

Mtu atasema magari haya yametembea miaka mingi kwa geji hizi hizi na wenyewe wako salama. Ni kweli, kwa wale wanaofungua boneti. Anayekagua kiwango cha maji asubuhi injini ikiwa baridi, akaona kinashuka wiki hadi wiki, ameshajua jambo ambalo geji ingemwambia kwa kuchelewa. Ukaguzi huo ni wa lazima zaidi kwa gari lisilo na mshale kabisa, lenye taa ya buluu kwa injini baridi na nyekundu kwa iliyozidi moto. Kwa anayetaka namba yenyewe, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, iliyo chini ya usukani, kitamwonyesha kwenye simu joto ambalo kompyuta inalisoma. Namba hiyo itapanda na kushuka, na kumtia mtu wasiwasi siku za mwanzo. Ndiyo maana inafaa kuizoea wakati gari halina shida, ili 98 kwenye barabara tambarare iliyozoea kuonyesha 88 ionekane mara moja kuwa ngeni.

Kinachosikitisha ni tiba ya baadhi ya mafundi: kutoa themostati ili gari "lisichemshe". Mshale hushuka, mteja huondoka ameridhika, lakini rejeta iliyoziba bado imeziba. Injini sasa hukawia kupata moto, kompyuta huendelea kuongeza mafuta ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, na siku ya mzigo mzito mlimani joto litapanda vilevile.