Arobaini ya mtu wa kuja

Wamakonde wana simulizi ya asili yao ambayo Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, aliiandika alipokaa Newala mwaka 1906. Mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, haogi wala hanyoi, alichonga sanamu ya mwanamke akaisimamisha nyumbani kwake. Usiku sanamu ikawa hai. Wakateremka wawili hao hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda tena juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na hapo mtoto wa tatu akaishi. Simulizi hii hutajwa zaidi kueleza kwa nini Wamakonde walijenga uwandani, mbali na mabonde yenye maradhi. Lakini ndani yake kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji hupita juu yake haraka. Mwanamke yule hana mama, hana dada, hana shangazi, kwa kuwa ametoka kwenye mti. Amehama na mimba mara mbili, amezika watoto wawili ugenini, na katika simulizi yote hatajwi hata mtu mmoja aliyemkanda maji ya moto au kumpikia uji.

Nchi hii ya kusini mwa Tanzania imejengwa na watu wa namna hiyo. Masasi penyewe palikua kuwa mji pale Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipoleta kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar mwaka 1876; walikuwa watu waliokatwa na koo zao, wakaanza kuoana na kuzaa upya chini ya milima ya mawe. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka Ruvuma, wakapokelewa vijijini na kwenye makazi kama Rutamba mkoani Lindi, huku FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi huo, ikiwa na kambi yake Nachingwea na hospitali yake Mtwara mjini. Tangu mapigano ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 watu wamevuka tena. Kwenye orodha hiyo ongeza vibarua wa palizi na wa kuokota korosho, mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Kagera, na mke wa askari anayehamishwa kila baada ya miaka michache. Wote hawa watu wa kusini huwaita kwa jina moja: watu wa kuja. Na wote, wakipata mimba, hupimwa damu, mkojo na shinikizo, wakapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Swali moja haliulizwi kama sehemu ya kawaida ya huduma, nalo ni hili: nani atakaa nawe ukishajifungua? Naamini swali hilo lina uzito sawa na kipimo cha damu, na kwamba kutouliza ni kumwacha mama wa kuja na mumewe wapigane peke yao na jambo linaloweza kuzuilika.

Ili kuona uzito wake, itazame kwanza jamii ya uwandani ilivyokuwa. Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama. Kwa desturi ya zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe, akajenga, akalima, na kujulikana kwa muda mrefu kuwa mgeni wa pale. Binti alibaki kwao. Alipobeba mimba ya kwanza, Wayao walimfanyia litiwo, ngoma ya wanawake yenye mafunzo yake, ili ajue yanayomngoja na wanawake wenzake wajue kwamba sasa ni zamu yake kusaidiwa. Alipojifungua, mama yake mzazi alikuwa nyumba ya pili, bibi alikuwa nyumba ya tatu, na mjomba ndiye mwenye sauti kuhusu mtoto. Mnasaba wa aina hii wataalamu wengi wameueleza kwa lugha ya urithi na mashamba. Mimi naona ulikuwa pia mpango wa afya. Ulihakikisha kwamba katika wiki ambazo mwanamke ni dhaifu kuliko wakati mwingine wowote, watu wanaomzunguka ni wale waliomjua tangu akiwa mtoto, wanaoweza kumtazama usoni asubuhi na kusema, huyu leo hayuko sawa.

Fikiria arobaini yenyewe, siku zile za mwanzo baada ya kujifungua, inavyokwenda inapokwenda vizuri. Kuna mtu anayeamka kabla ya mzazi kuwasha moto. Kuna maji ya moto ya kukanda tumbo na kiuno, uji mwepesi wenye pilipili manga, na mtu wa kumpokea mtoto usiku akilia ili mama apate usingizi wa saa mbili mfululizo. Kuna mtu wa kwenda kuchota maji, jambo ambalo uwandani halijawahi kuwa dogo: kabla ya Mradi wa Maji wa Makonde kuanza miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka miteremko mikali hadi bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na hata leo bomba likikauka, maji ndiyo kazi ya kwanza ya siku. Sasa mwondoe mtu huyo. Mzazi wa siku ya sita anabeba ndoo mwenyewe, mtoto mgongoni, mshono haujapona, na jirani anamsalimia kwa mbali kwa sababu hajui lugha yake vizuri. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mama wa kuja, siku ya tatu mara nyingi ndiyo siku ya tatu tangu kujifungua.

Takwimu zinakubaliana na picha hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea kiwango kinafika asilimia 15.6 wakati wa mimba na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa wanawake wahamiaji walikuwa katika hatari takriban maradufu ya kupata dalili za sonona baada ya uzazi kuliko wenyeji, na miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hatari hiyo ni kukosa watu wa kuwategemea. Tafiti hizo nyingi ni za nchi tajiri, kweli. Lakini mhamiaji wa Ulaya angalau ana muuguzi anayemfuata nyumbani. Wa kwetu ana kadi ya kliniki na umbali wa kutembea. Madhara hayaishii kwa mama: mtoto wa mama mwenye sonona yuko katika hatari zaidi ya kukua vibaya na kuachishwa maziwa mapema, na mama mwenyewe huanza kukosa mahudhurio ya kliniki, kwa kuwa kuvaa na kutoka nje tu kunamshinda.

Watasema sonona ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba bibi zetu walizaa watoto kumi bila kusikia neno hilo. Neno ni jipya, hali si mpya. Waswahili wamekuwa wakisema fulani ana mawazo, amekuwa mnyonge, hali, halali, anamtazama mtoto kama si wake. Wengine walisema amerogwa au ana jini, wakampeleka kwa mganga. Hata hiyo ilikuwa njia ya jamii kukiri kwamba mtu huyu anahitaji kuzungukwa. Bibi zetu walizaa kumi, ndiyo, na walizaa wakiwa kwao. Anayetumia mfano wao kumnyamazisha mwanamke aliye kilomita mia tatu kutoka kwa mama yake anasahau nusu ya mfano.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami silikatai. Ndugu si malaika. Kuna mzazi ambaye mawifi ndio ugonjwa wake, na kuna aliyehama makusudi kukimbia ukoo uliomtesa. Utaratibu wa kumrudisha kila mjamzito kwao ungekuwa kosa. Ndiyo maana nasema swali, sisemi amri. Mama mwenyewe ndiye atakayejibu nani anamtuliza, awe mama mzazi, rafiki wa sokoni, mwenzake wa kikoba au mke wa pasta. Hapo ndipo baba naye aingie. Katika maongezi ya uzazi baba hutajwa kama mtu wa kuleta hela na kusindikiza kliniki, ilhali uwandani, kwa karne nyingi, mtu wa kuja nyumbani alikuwa yeye. Jamii ya ukoo wa mama inajua vizuri jinsi mwanamume anavyoweza kuwa na mtoto ndani ya nyumba asiyo na sauti ndani yake. Kibarua aliyevuka Ruvuma leo yuko hivyo mara mbili, maana hana ukoo wake na hana karatasi. Wamakonde walioenda Kenya kwenye mashamba ya mkonge tangu miaka ya 1930 walizaa watoto na wajukuu huko bila kuwa raia wa popote, hadi walipoandamana kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 na hatimaye kupewa vitambulisho. Mzazi asiyeweza kumwandikishia mtoto jina bila kuogopa hawezi kuwa na utulivu, awe mama au baba.

Kisha kuna hoja ya uwezo: muuguzi mmoja, foleni ndefu, na sasa mnataka aulize mambo ya moyoni? Jibu lilishapatikana kwa watu maskini kama sisi. Nchini Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafundisha wahudumu wa kawaida wa vijijini, si madaktari wa akili, kuzungumza na wajawazito wenye sonona majumbani mwao. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 tu ya mama waliotembelewa kwa mazungumzo hayo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wenzao waliopata matembezi ya kawaida. Zimbabwe nayo ilianza mwaka 2006 kuwatumia bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye mawazo mengi. Wala hatuhitaji kwenda mbali: katika mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga, wilaya kadhaa za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, zilikuwa na wanawake wa kijijini waliofundishwa kumtembelea mjamzito nyumbani na kurudi tena siku za mwanzo baada ya uzazi. Mpango ule uliboresha baadhi ya desturi za kumtunza kichanga, ingawa haukuonyesha kupunguza vifo, na mazungumzo yake yalihusu zaidi mtoto na maandalizi ya kujifungua. Lakini ulithibitisha kwamba mlango unafunguka mgongaji akiwa mtu wa kijiji kilekile. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Watu watakuwepo, basi. Kilichobaki ni kuamua watauliza nini wakishakaribishwa kiti.

Wapo pia watakaosema mpaka una hatari, na baada ya wapiganaji kutoka ng'ambo kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara mwezi Oktoba 2020 hakuna anayeweza kulipuuza hilo. Lakini mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema hadharani kwamba maelfu ya waliokimbia Cabo Delgado walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja tulilolifungua kwa shangwe mwaka 2010, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Askari ana kazi yake mpakani. Mjamzito aliyekwisha kufika kwenye zahanati hana kosa la kujibu pale, na hofu anayobeba humfanya ajifungulie kichakani badala ya wodini. Watu waliowapokea wazazi wa Wamsumbiji hao miaka ya 1960, wakawagawia mihogo na vyumba, wanajua jinsi ya kufanya jambo hili. Baadhi yao bado wako hai vijijini na wanaweza kuulizwa.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Masasi na Newala jambo moja lisilohitaji jengo wala dawa. Kila mjamzito anapoandikishwa, aulizwe nani atakuwa naye siku arobaini, jina liandikwe, na asiye na jina la kutaja apelekwe kwa mhudumu wa jamii wa kijiji chake ndani ya wiki hiyo. Nawe msomaji, kama kuna mtu wa kuja mtaani kwako ambaye tumbo lake lilikuwa kubwa mwezi uliopita na sasa humwoni, usingoje aje kuomba chumvi. Mpelekee ndoo ya maji, umpokee mtoto, umwache alale.