Ajifunzaye Urefa Ajitayarishe Mapema

Wakulima wengi wa skimu zetu wana mtoto, mdogo au mpwa anayekaa Tassia, kule Embakasi, upande wa mashariki wa Nairobi. Siku za kazi yumo katika shughuli zake. Jumapili yuko penye mpira. Huenda amekupigia simu akisema kwamba kuna mafunzo ya marefa wapya, naye aomba umsaidie nauli na ada. Msomaji, usimjibu kwamba huo ni mchezo wa watoto. Lakini usitoe fedha kabla hujamwuliza amejitayarisha namna gani, maana siku za mafunzo ni chache, na aendaye bila kujua kitu hurudi na karatasi tu.

Pengine utasema, jambo hili latuhusu nini sisi wakulima? Latuhusu sana. Tangu skimu zilipoanza katika miaka ya 1960, watu waliotoka sehemu mbalimbali wamekuwa majirani, wakitumia josho moja na kupeleka maziwa mahali pamoja. Vijiji viwili vinapocheza, mtu ye yote aliye karibu hupewa filimbi, na mara nyingi huwa ni shemeji wa mmoja wa wachezaji. Goli moja la ubishi latosha kuleta ngumi, na wale waliopigana Jumapili ndio watakaokutana josho Jumatatu. Nimeona majirani wakinyimana plau msimu mzima kwa ajili ya penalti. Kijana mmoja aliyefunzwa vizuri, ambaye pande zote mbili zamwamini, atawaokoa na mengi.

Basi aanze na kitabu. Kanuni za mpira ni 17, nazo hutolewa na baraza liitwalo IFAB, lililoanzishwa mwaka 1886. Kitabu hicho hupatikana bure katika simu kwa Kiingereza. Asome kanuni moja kila jioni, kisha amweleze mwenzake kwa Kiswahili bila kutazama. Akishindwa kueleza, hajaielewa. Tena ahakikishe kwamba kitabu ni cha mwaka huu. Kanuni zilizobadilishwa huanza kutumika tarehe 1 Julai, na wengi hukamatwa hapo. Kwa mfano, miaka mingi tulijua kwamba golikipa akishika mpira zaidi ya sekunde 6 wapinzani hupewa mkwaju wa faulo. Tangu Julai 2025 ni sekunde 8, na wapinzani hupewa kona. Anayetegemea aliyoyasikia zamani shuleni atabishana na mwalimu wake siku ya kwanza.

Kanuni ya 11, yaani ofsaidi, ndiyo huwasumbua wengi. Hapa namshauri atumie nafaka. Apange punje za mahindi 11 upande mmoja wa meza na maharagwe 11 upande wa pili, na kifuniko cha chupa kiwe mpira. Asogeze mmoja mmoja, na kila mara ajiulize: wakati mwenzake alipoupiga mpira, je, huyu alikuwa katika nusu ya wapinzani, karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho? Akiwa sawasawa na huyo mpinzani, hayumo katika ofsaidi. Na hata akiwa mahali pa ofsaidi, si kosa mpaka ajiingize katika mchezo. Mpira ukitoka moja kwa moja kwenye mkwaju wa goli, kona au wa kurushwa, hapana ofsaidi kabisa. Mambo haya yakizoewa mezani, macho huyatambua upesi uwanjani.

Kanuni ya 1, ya uwanja, mkulima mwenyewe aweza kumfundisha mtoto wake akija nyumbani. Wewe umezoea kupima mashimo ya kahawa na kunyoosha mistari. Ile kamba ya mita 3, mita 4 na mita 5 itumiwayo kupata pembe sawasawa yafaa vile vile kwa kona za uwanja. Pimeni pamoja: milingoti ya goli iachane mita 7.32, na mti wa juu uwe mita 2.44 kutoka chini. Alama ya penalti iwe mita 11 kutoka goli. Ukuta wa wachezaji hukaa mita 9.15 kutoka mpira. Aliyezipima hatua hizi kwa miguu yake hazisahau tena, nanyi mtapata uwanja mzuri kijijini.

Sasa mwili. Refa wa mchezo mkubwa aweza kukimbia kilomita 10 katika dakika 90, tena mbio za kusimama na kuanza. Katika jaribio la marefa wa kimataifa hukimbizwa mita 40 mara 6 kwa kasi. Kisha hukimbia mita 75 na kutembea 25, akirudia hivyo hata amalize mizunguko 10 ya uwanja wa mita 400. Anayeanza hadaiwi hayo yote, lakini mtindo huo wa kukimbia na kutembea ndio wa kufuata. Tassia ni mahali pa maghorofa yaliyosongamana, na nafasi wazi ni haba. Kwa hiyo aamke mapema kabla matatu hazijajaa, au apande na kushuka ngazi za ghorofa anamokaa. Aanze wiki 8 kabla ya mafunzo, wala asingoje wiki ya mwisho, maana miguu huvimba.

Msichana akitaka, msimzuie. Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyesomea uuguzi na ukunga, alichezesha Zimbabwe na Guinea mjini Yaoundé tarehe 18 Januari 2022, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Kuhusu ada, aulize tawi la Shirikisho la Soka la Kenya, yaani FKF, apate tarehe na kiasi kwao wenyewe, na alipe kwa kupewa risiti. Asimtumie fedha mtu aliyempigia simu tu. Siku ya kwenda achukue filimbi mbili, saa ya mkono, daftari dogo, sarafu ya kurusha, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki vizuri karatasi ikiloa.

Akirudi asikimbilie fainali ya kombe la tarafa. Huko huko Eastlands, chama cha MYSA cha Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimewapa vijana kazi ya kuchezesha watoto katika ligi zake, na timu hupata pointi pia kwa kusafisha mitaa yao. Naye aombe mechi za watoto wa shule kwanza, Jumamosi asubuhi. Na mkishamwalika kuchezesha skimuni, mpeni nauli yake mbele ya manahodha wote wawili kabla mpira haujaanza. Kuku na maziwa ya shukrani yabaki nyumbani mpaka ligi iishe.