Litungu Hufunzwa kwa Mkono

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lakini je, mpenzi msomaji, atatunzwa na nani mchezaji ambaye vijana wa kwao wamempa kisogo? Swali hilo nilirudi nalo kutoka magharibi mwa Kenya, nilikokwenda kujifunza litungu, kinubi cha Wabukusu chenye nyuzi saba.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Sisi wa pwani tumezoea udi na taarabu; litungu nilikuwa nikilisikia redioni tu.

Nilianzia Makumbusho ya Kitale. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vitabu, alianzisha jumba lake la binafsi mwaka 1926. Baada ya kufa kwake vitu hivyo vikawa mali ya taifa, na mwaka 1974 jumba jipya likafunguliwa mjini Kitale. Uani pamejengwa nyumba za jadi za makabila ya sehemu hizo, mgeni akajionea jinsi wazee walivyoishi. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, jumba huhifadhi kitu. Mkono wa aliyekitengeneza haliwezi kuuhifadhi. Kwa hiyo nilipanda matatu, nikapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na kutoka hapo nikaenda Bungoma.

Mzee aliyenipokea nje kidogo ya mji alitaka nimwite kuka, yaani babu. Siku mbili za kwanza hakuniruhusu kugusa uzi. Nilichonga mti na kuloweka ngozi ya ng'ombe, kwani ngozi huwambwa juu ya bakuli la mti ingali imelowa, ikikauka hukaza yenyewe. Kwenye bakuli husimamishwa miti miwili, na wa tatu hulazwa juu kuiunganisha. Huko ndiko nyuzi hufungwa. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi wengi hutumia nailoni.

Kazi ngumu ni kuzipatanisha nyuzi. Mzee huuzungusha uzi kidogo, huupiga kwa kidole, husikiliza, kisha huuzungusha tena. Nilimwuliza, "Kuka, wajuaje kwamba umefika?" Akanijibu, "Sikio likinung'unika, bado. Likinyamaza, umefika." Somo kama hilo haliandikiki. Sharti ukae naye.

Mkono mtupu haurambwi, nami nilimlipa ujira wake. Lakini lililomsumbua halikuwa fedha. Wanawe wote wako mijini, na hapana hata mmoja ajuaye kukaza uzi. Litungu bado huitwa harusini, matangani na kwenye sherehe za tohara, na watu hulifurahia. Wanaotaka kulitengeneza ndio haba.

Ugeni si kikwazo. Mjapani Eriko Mukoyama alikuja kwetu, akakaa kijijini Siaya hadi akaimudu nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na leo ajulikana kwa jina la Anyango. Alivuka bahari kufuata kitu ambacho vijana wetu wanakipita mlangoni.

Wala tusidhani kuwa ufundi haupotei. Huko Kambodia, utawala wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979 uliangamiza wengi wa wanamuziki na wachezaji ngoma wa jadi ya Wakhmer. Baadaye ilibidi wazee wachache waliosalia watafutwe, mmoja mmoja, ili wafundishe watoto. Mafundi wetu hawauawi na mtu, wanazeeka tu. Lakini wakienda bila wanafunzi, hasara ni ile ile.

Rai yangu ni hii. Kila mwaka shule hupeleka nyimbo na ngoma za kienyeji katika Tamasha la Muziki la Kenya. Mwalimu anayeazima litungu kwa ajili ya tamasha na amwalike pia mwenye litungu kwa majuma machache, alipwe, na wanafunzi wachonge lao wenyewe chini ya macho yake. Mti upo, ngozi ipo, na mzee angali yupo. Anayengojewa ni mwanafunzi.