Kibarua kisicho na kesho ni maradhi

Wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Sikusudii kuwapinga wazee, ila ningewaalika hapa Donholm alfajiri, wasimame kando ya njia iendayo Eneo la Viwanda, wazitazame nyuso za wapitao.

Miongoni mwao yumo jirani yangu. Kwa miaka sita amefanya kazi katika kiwanda kimoja, na miaka yote hiyo amekuwa kibarua. Huamka saa kumi, huenda kwa miguu, kisha husimama langoni na wenzake wakingoja kuchaguliwa. Mwaka jana alipatikana na shinikizo la damu, akaamriwa na daktari apumzike. "Mwalimu," aliniuliza, "kibarua hupumzikaje? Nikikosa siku mbili, nafasi yangu ina mwenyewe."

Wengi hudhani kwamba linalomdhuru mfanyakazi ni uzito wa mzigo na uchache wa ujira. Ni kweli, lakini si yote. Mwaka 1967 wataalamu wa Uingereza walianza kuchunguza afya ya watumishi wa serikali mjini London. Watu hao hawakubeba magunia, walikuwa maofisini. Hata hivyo, wenye vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi kuliko wakubwa wao. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ulionyesha kwamba asiye na usemi juu ya kazi yake huwa hatarini zaidi. Ikiwa karani mwenye kiti chake huumizwa hivyo, sembuse asiyejua kama kesho ataingia langoni?

Dawa ya sehemu ya maradhi haya imo vitabuni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Jirani yangu hakupata kuisikia sheria hiyo hadi nilipomsomea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nikiitaja pale langoni, sitachaguliwa tena."

Hapo ndipo penye donda. Haki anayoiogopa mwenyewe haimponyi. Wakaguzi wa kazi hawana budi kufika langoni kabla ya jua kuchomoza, si kungoja mnyonge awafuate ofisini. Nasi walimu, tunaowahimiza wanafunzi watafute kazi, tuwafunze pia kuuliza: ni kazi ya namna gani, na itaniacha na afya gani?